Jina la Chumbani

Mwaka ule niliamini, kwa akili zangu zote na nyingine za kuazima, kwamba mizani ya stesheni ya Mpanda ilikuwa inamtambua mkimbizi. Ilikuwa mizani ya chuma ya kukaa chini, pembeni ya mlango wa ghala la mizigo, yenye bamba pana la kuwekea magunia na uso wa duara wenye mshale mwekundu. Habari tuliyoipata sisi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba ni kwamba serikali imeifanyia ufundi. Mwenyeji akipanda, mshale unatulia kwenye kilo zake. Akipanda mtu ambaye wazazi wake walivuka mto Malagarasi wakikimbia vita vya Burundi, mshale unatetemeka. Na ukiitwa lile jina, mkimbizi, huku nyayo zako ziko juu ya bamba, basi mshale unaruka mpaka mwisho wa namba, na aliyesimama jirani hana haja ya kukuuliza kitu. Aliyenisimulia alisimuliwa na shemeji wa mtu aliyekamatwa, na kwangu mimi, kijana wa miaka ishirini na moja, huo ulikuwa ushahidi wa kumfunga mtu maisha. Jioni nilikuwa nafundishwa nyenzo na egemeo katika shule ya watu wazima, mwalimu anachora mizani ubaoni na mimi naichora kwenye daftari bila kukosea. Asubuhi yake naizunguka stesheni kwa mbali. Mizunguko hiyo ukiiunganisha leo, nilishafika Kigoma na kurudi mara nne.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya msiba. Kiangazi kilichopita tulimzika kaka yetu Zabroni huko huko Katumba, kando ya nyumba aliyoijenga kwa tofali alizofyatua mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mkekani na wazee wenzangu, nimeshika bakuli la chai, nikasikia nyuma yangu mtu anasema, taratibu kabisa, kama anayegonga mlango: "Mkimbizi." Chai ilimwagika yote. Kijana mmoja aliyekuwa anapanga viti akageuka, akamwambia huyo mtu kwa heshima kwamba mzee wangu, hapa tuna vyeti vya uraia, neno hilo tuliliacha. Mimi sikugeuka. Duniani palikuwa na watu watatu tu wenye haki ya kuniita hivyo: mmoja tulikuwa tumetoka kumfukia, wa pili ni mimi mwenyewe, na wa tatu nilikuwa nimemkwepa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimtambua Venansi kwa sauti tu, na moyo wangu ulifanya kile ulichozoea kukifanya mwaka ule kila nilipoona shati la kaki la mgambo: ulishuka mpaka magotini ukakaa huko.

Chumba tulichoishi sisi watatu kilikuwa uani kwa Mama Koleta, mjane wa Kikonongo aliyekuwa anauza vitumbua karibu na soko. Kilikuwa na kitanda kimoja cha miti, na kwa hesabu ya haki tulilala kwa zamu, wawili juu na mmoja chini. Ukuta uliotutenga na jiko lake haukufika kwenye bati, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wetu na maongezi yake yalikuwa yetu. Zabroni, aliyetuzidi miaka kama kumi, alikuwa anafyatua tofali na mimi namchotea udongo. Venansi, aliyekuwa na mgongo wa kubeba mabehewa yenyewe ukimruhusu, alikuwa anapakia magunia stesheni. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyokaangwa kwa mawese, na harufu ya mawese ilikaa kwenye nguo zetu mpaka Zabroni akasema siku wakitutafuta hawatahitaji mizani, watahitaji pua. Juu ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari ndiyo ilitundikwa roho yetu: vibali. Mtu wa makazi ya wakimbizi alikuwa haruhusiwi kutoka bila karatasi yenye mhuri inayotaja safari na siku za kurudi, hata kama alizaliwa hapo hapo makazini, kama mimi na Venansi tulivyozaliwa. Sisi tulikuwa tunazipata kwa sababu za matibabu, siku kumi na nne kwa wakati, kisha tunarudi Katumba kwa kufuata reli kuomba nyingine. Yangu ilikuwa ya meno. Kwa mujibu wa karatasi hizo, mwaka ule niling'olewa meno arobaini na moja, na yote yaliota tena.

Mjini lile neno lilikuwa kila mahali. Redio ilikuwa haiachi kuitaja Burundi, watu wapya walikuwa wanavuka kila siku, na wenyeji waliotuzoea tangu tukiwa watoto wakaanza kututazama kama tumeshuka jana. Ukipunguza bei wewe ni mkimbizi, ukipandisha wewe ni mkimbizi. Siku moja Venansi alikwenda bombani, akakaa kwenye foleni toka asubuhi, na alipofika mbele mwanamke mmoja akaisogeza ndoo yake nyuma kabisa kwa mguu, akasema wakimbizi ni mwisho. Hakumtukana, alisema kama anayeeleza utaratibu. Venansi akarudi na ndoo tupu. Aliigeuza, akaikalia katikati ya chumba mpaka mimi nikaogopa, maana mgongo ule ukikasirika nyumba ingehama. Halafu akasimama wima kama askari wa gwaride, akamgeukia Zabroni na kusema kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mkimbizi Mkuu, naleta taarifa. Maji hakuna."

Zabroni hakucheka. Alikohoa kidogo, akajibu kuwa taarifa imepokelewa, na kuanzia leo anamteua ndugu Venansi kuwa Mkimbizi wa Uchukuzi, na huyu mdogo mwenye madaftari awe Mkimbizi wa Elimu. Tulicheka mpaka mguu wa kitanda ukavunjika. Hilo halina chumvi, tuliuegemeza kwa tofali mwaka mzima. Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoitana. Ukirudi jioni unasimama mlangoni, unasema kwa sauti ya chini, "Mkimbizi," na aliye ndani anajibu, "Mwenyewe." Maana yake, huyu ni wetu, si mgambo, fungua. Neno lililonikausha mate barabarani, pale mlangoni ndilo lililonirudishia pumzi, na mpaka leo sijui kulieleza hilo vizuri zaidi. Tuliweka na sheria: jina la chumbani halivuki kizingiti. Atakayelitamka nje atachota maji wiki nzima.

Mama Koleta aliyasikia yote kupitia juu ya ukuta, kama sisi tulivyosikia yake. Alikuwa mama mwema. Siku aliyoletewa migebuka kutoka Kapalamsenga, akatukaangia na sisi, akaja na sinia mpaka mlangoni, uso wote unacheka, akasema haya wakimbizi wangu, samaki hao, mle wakiwa moto. Hakuna aliyenyoosha mkono. Samaki walinukia, mate yalitujaa, na bado hakuna aliyenyoosha mkono. Yeye akatutazama mmoja mmoja, uso ukaanza kuharibika. Akasema mbona nyie wenyewe mnaitana hivyo kutwa, au yeye ana ubaya gani. Zabroni akanyanyuka, akampokea sinia kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Sisi tunaitana, mama," akamwambia. "Hatuitwi." Mama Koleta akafuta mikono kwenye khanga, akasema amesikia. Kesho yake na siku zote alituita wanangu. Mimi ile jioni nilimwona Zabroni amezidi ukali. Mama wa watu amekosa nini. Leo naona alikuwa analinda kitu kidogo sana, na kilikuwa ndicho pekee tulichokuwa nacho chenye mlango.

Sasa, marehemu mume wa Mama Koleta alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa mgambo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kula kwa shemeji yake, akakaa uani kwenye kigoda, mita mbili kutoka mlangoni kwetu. Jumapili hatukuwa watu, tulikuwa samani. Zabroni alikuwa na kifua kibovu kwa moshi wa matanuru, na alikohoa ndani ya blanketi lililokunjwa mara nane. Mimi nilijifunza kumeza mate bila koo kutoa sauti, jambo ambalo shule ya jioni haifundishi. Venansi, kwa bahati, Jumapili nyingi hakuwepo, maana treni ikikaribia kuondoka wapakiaji walilala huko huko kwenye magunia. Ndivyo ilivyokuwa na Jumapili ninayoisema. Mgambo alikuwa anakula, anaongea chini kwa chini na tonge mdomoni. Tulisikia amri imekuja, halafu kitu kuhusu kukusanya watu, halafu hatukusikia tena. Hapo Mama Koleta, mwanamke aliyekuwa anasikia kuku akikanyaga ungo nyumba ya tatu, akawa kiziwi.

"Eti nini, shemeji? Kesho?"

"Kesho, ndiyo."

"Mnaanzia wapi? Stesheni?"

"Nimesema stesheni. Mbona unapiga kelele?"

"Masikio yangu siku hizi, shemeji. Wabeba mizigo? Wote? Asubuhi?"

Akajibiwa kwamba wote, asiye na karatasi anapanda gari. Zabroni akanitazama, na mimi nikautazama msumari. Kibali cha Zabroni kilikuwa kimekufa wiki iliyopita. Cha Venansi alikuwa nacho mwenyewe, na hatukukumbuka kiliandikwa tarehe ngapi. Changu kilikuwa na siku tatu za uhai. Kutoka saa ile hatukuweza, mlango wetu ulikuwa mmoja na mgambo alikuwa mbele yake. Alikaa pale mpaka jua likazama, kisha akaomba maji ya kunawa, kisha akakaa tena. Na giza likishaingia, kijana kuonekana anaelekea stesheni ilikuwa ni kujipeleka. Zabroni akaninong'oneza kuwa kukipambazuka niende mimi, mwenye karatasi hai, nimfikie Venansi, nimwambie apitie nyuma ya mabehewa aelekee porini. Akasema nimfikie karibu, nimwambie sikioni. Nilimwitikia. Usiku ule nilimsikia Yesu na Yuda wote wawili wakipita juu ya bati, na kila paka aliyeruka alikuwa na buti.

Asubuhi nilivaa shati la shule ya jioni, nikakiweka kibali mfuko wa kifuani, nikajifunga kitambaa kuzunguka taya na kukifungia utosini, ili hata kipofu ajue ninaumwa jino. Nilitembea polepole kama mgonjwa. Nilipofika kwenye uwanja wa stesheni nilimwona Venansi mara moja, maana mgongo wake ulikuwa haufichiki. Alikuwa anatoka na gunia la mahindi kwenye lori, anapita mlangoni mwa ghala, analiweka kwenye mizani, karani anaandika, analibeba tena mpaka kwenye behewa. Kivulini mwa mlango alikaa mgambo, siyo yule wetu, mwingine, anajipepea na karatasi kwa sababu ya vumbi la mahindi. Na mbele yake, kati yangu na Venansi, ile mizani. Nilisimama kwenye rundo la mataruma, magogo yale ya kulazwa chini ya reli. Zilibaki hatua thelathini. Nimezihesabu miaka yote hii na hazijapungua. Ningezitembea, mgonjwa wa meno mwenye kibali halali, ningepita kando ya Venansi na kumwambia sikioni. Miguu ilikataa. Niliuona ule mshale mwekundu kwa mbali, nikaona kabisa kwamba umeshaanza kutetemeka kwa ajili yangu kabla sijaikaribia.

Nikapiga mluzi. Mabehewa yalikuwa yanagongana, hakusikia. Nikafikiri nimwite jina lake, nikaogopa kwamba jina lake limeandikwa mahali. Nikakivuta kitambaa chini ya kidevu, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukatoa jina ambalo kwa miezi yote ile lilikuwa linamaanisha fungua, ni mimi.

"Mkimbizi."

Nililitamka kwa sauti ya kufukuza ndege shambani. Venansi alikuwa juu ya bamba la mizani, gunia bado mgongoni. Akainua uso, akaniona. Na kwa sauti ile ile ya chumbani, bila haraka, akajibu, "Mwenyewe." Halafu akaliachia gunia, likatua, na mshale ukaruka mpaka mwisho wa namba ukabaki unatetemeka pale. Karani akageuka. Wapakiaji wakageuka. Mgambo akaacha kujipepea, akasimama. Mimi nilikimbia. Nilikimbia mpaka nikaipita nyumba yetu mara mbili bila kuijua, na nilipoingia uani Mama Koleta alinitazama akaacha unga wa vitumbua ukafurika. Zabroni akauliza. Nikamwambia nilichelewa, nimekuta wameshamchukua. Akakitazama kitambaa kilichoning'inia shingoni kwangu, akanitazama mimi, hakuuliza la pili. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na nyie mnaonisoma mnajua nina uzoefu.

Venansi alifungwa miezi kadhaa, kisha tukasikia amepelekwa makazi ya Mishamo, kisha kwamba ameoa huko. Zabroni na mimi tulirudi Katumba kwa kufuata reli, yeye akikohoa. Nilijificha miezi miwili katika pori la Ugalla kwa watu wa nyuki, nikarudi kufanya mtihani, nikafeli, nikaurudia, nikafaulu; hivyo mimi ni mhitimu wa shule ya jioni kwa kila maana ya neno kuhitimu. Lakini jina la chumbani lilikufa. Jioni moja Zabroni alisimama mlangoni kwangu akalisema, na mimi nikajibu, "Nipo, kaka, karibu." Hakulirudia tena mpaka kufa kwake. Miaka ikaenda, tukapewa uraia, tukapiga picha tumeshika vyeti. Na hata nikiwa na cheti hicho ndani ya bahasha ya nailoni, kila nilipopanda treni pale Mpanda niliingilia upande wa pili, nikivuka reli kama mwizi, ili nisipite mbele ya mlango wa ghala. Mwanangu mkubwa alidhani nina ugomvi na mtu wa mizigo.

Basi siku ya msiba, baada ya watu kula, Venansi alinifuata nyuma ya nyumba, kwenye tanuru la mwisho la Zabroni ambalo lilikuwa halijachomwa. Mgongo umepinda sasa. Alikuja na sahani mbili za wali na maharage, akanipa moja, tukakaa kwenye tofali mbichi. Niliona nikimeza hata punje moja kabla ya kusema, sitasema tena. Nikamwambia yote: hatua thelathini, kitambaa, mshale, na kwamba mimi ndiye niliyemwita akiwa juu ya mizani, na mgambo akasikia, na miezi ile yote ya jela ni kazi ya mdomo wangu. Nilisema kwamba nilimdanganya Zabroni, na sasa Zabroni yuko chini ya udongo na uongo wangu. Venansi aliendelea kula. Alikula mpaka akamaliza, akalamba vidole, akaiweka sahani chini.

Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Kwamba mgambo walifika alfajiri, giza bado halijatoka, na wakapita kukusanya karatasi. Yake ilikuwa imeisha siku nne nyuma. Walishampangia nafasi kwenye gari, ila mwenye mahindi akawalilia kwamba treni itaondoka mzigo uko nusu, basi wakakubali amalize magunia kwanza, na mmoja akaachwa kivulini kumlinda. Ile karatasi aliyokuwa anajipepea nayo ndiyo ilikuwa kibali chake. Akasema tangu alfajiri walikuwa wanamwita mkimbizi, mkimbizi leta, mkimbizi beba, na alipoisikia sauti yangu kule kwenye mataruma ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuitwa hivyo na mtu anayejua kuliita, ndiyo maana akaitikia. Akaniuliza kwa nini nilikimbia, maana alitaka nimpelekee Zabroni blanketi lake yeye, alilolalia usiku ule kwenye magunia.

Nikamuuliza, na mizani je. Mshale ulivyoruka.

Alinitazama akihakikisha kwamba sitanii.

"Mizani ilikuwa ya mahindi, Elia," akasema. "Na wewe ulichelewa tu."